Jinsi ya Kushiriki Mjadala wa Sanamu Inayojengwa Mjini kwa Fedha za Kodi

Mwezi wa Agosti 2024, siku chache kabla ya Rais William Ruto kuukabidhi mji wa Eldoret hati ya kuwa jiji, sanamu za wanariadha zilisimamishwa katika mji huo unaosifika kwa mabingwa wake wa mbio. Picha zake zilisambaa mitandaoni, Wakenya wakazicheka kwa jinsi nyuso na viungo vilivyochongwa, na muda si mrefu zikaondolewa. Kelele zilikuwa nyingi, ila sehemu kubwa ilihusu sura. Maswali mengine, yaani nani aliziagiza, fedha zilitoka katika fungu gani, mchongaji alipatikana vipi na nani aliukubali mfano wa kazi kabla haijapandishwa juu ya msingi, yalisikika kwa unyonge, tena wakati kazi ilikuwa imekwisha kufanyika.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mkazi wa mji wowote wa Kenya anayetaka kuyauliza maswali hayo mapema, ama kwa sababu anaipinga sanamu inayokusudiwa, ama kwa sababu anaitaka na hapendi iharibiwe na haraka ya viongozi. Vifungu vya sheria vinavyotajwa ni vya Kenya. Msomaji aliye Tanzania au kwingineko atalazimika kutafuta vifungu vya kwao, lakini mpangilio wa maswali hautabadilika sana.

Kwanza, tenganisha hoja

Mijadala ya sanaa ya umma huvurugika kwa sababu hoja za aina nne husemwa kwa pumzi moja. Anayesema kwamba fedha hizo zingenunua dawa za zahanati anazungumzia kipaumbele. Anayeuliza kwa nini zabuni haikutangazwa anazungumzia utaratibu. Anayelalamika kwamba sanamu inaziba njia ya waendao kwa miguu anazungumzia mahali. Anayesema kwamba uso haufanani na wa marehemu anazungumzia ubora wa kazi yenyewe. Hoja zote nne ni halali, ila kila moja ina ofisi yake na wakati wake. Kipaumbele huamuliwa katika bajeti, utaratibu husimamiwa na sheria ya ununuzi wa umma na kuchunguzwa na wakaguzi wa hesabu, mahali huamuliwa na mwenye ardhi au mwenye barabara, na ubora huamuliwa na yeyote aliyepewa mamlaka ya kuukubali mfano mdogo wa kazi. Mtu anayeipelekea kamati ya bajeti malalamiko kuhusu pua ya sanamu atasikilizwa kwa adabu na kusahauliwa kabla hajafika mlangoni.

Hoja ya ubora, ambayo ndiyo husikika kwa sauti kubwa kuliko zote, ndiyo iliyo na njia chache zaidi za kisheria baada ya kazi kukamilika. Hakuna kifungu kinachokataza sanamu mbaya. Anayejali ubora hana budi kupigania utaratibu wa uteuzi kabla shaba haijayeyushwa, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kipindi hicho.

Jua fedha ni za nani na ardhi ni ya nani

Si kila sanamu iliyo mahali pa umma imelipiwa na mlipa kodi wa hapo. Mnara wa kumbukumbu ya wahanga wa mateso ya enzi za Mau Mau ulio katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi, uliozinduliwa Septemba 2015, ulifadhiliwa na serikali ya Uingereza kufuatia makubaliano ya mwaka 2013 na manusura wa mateso hayo. Aliyetaka kuhoji gharama yake alipaswa kuielekea London, ingawa aliyetaka kuhoji nafasi uliyopewa katika bustani alikuwa na ofisi ya kuiendea hapa nyumbani. Sanamu ya Dedan Kimathi katika barabara inayoitwa kwa jina lake, iliyozinduliwa na Rais Mwai Kibaki tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe, na ile ya Tom Mboya katika Moi Avenue, iliyozinduliwa Oktoba 2011 karibu na mahali alipopigwa risasi mwaka 1969, ni za kipindi cha kabla ya serikali za kaunti kuanza kazi mwaka 2013.

Tangu hapo majukumu yamegawanywa. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa serikali ya kaunti shughuli za utamaduni, burudani na huduma za umma, zikiwamo bustani za kaunti, na kuiachia Serikali ya Taifa minara ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa. Kwa hiyo sanamu mpya ya mwanariadha, mwalimu au mvuvi katikati ya mji kwa kawaida ni jambo la kaunti, au la bodi ya manispaa iliyo chini yake.

Ardhi ni suala jingine. Mizunguko ya barabara, ambako viongozi hupenda sana kuweka sanamu kwa kuwa kila msafiri ataiona, mara nyingi haiko chini ya kaunti. Barabara kuu zinasimamiwa na KeNHA na barabara kadhaa za mijini na KURA, na zote mbili ni mamlaka za taifa. Kaunti inayojenga katika mzunguko wa aina hiyo inahitaji idhini ya maandishi, na idhini hiyo ni hati unayoweza kuiomba. Ipo pia mizunguko inayopambwa na kampuni binafsi kwa malipo ya kutangaza jina lake. Katika hali hiyo fedha si za kodi, lakini mahali ni pa umma, na mkataba wa kupatumia haupaswi kufichwa. Vilevile usikubali kuambiwa kwamba fedha za mkopo au za mpango wa kusaidia miji unaogharimiwa na Benki ya Dunia si za wananchi. Mkopo hulipwa, na anayeulipa ni yule yule anayekatwa kodi kila anaponunua sukari.

Fuata kalenda ya bajeti

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Juu ya hayo yote upo mpango wa miaka mitano ambao wengi huuita CIDP, na mradi usiotajwa humo wala katika mpango wa mwaka ni halali kuuuliza umetokea wapi.

Tatizo ni kwamba neno sanamu hutaliona kirahisi. Hati za bajeti huandika urembeshaji wa mji, uboreshaji wa mandhari, uendelezaji wa maeneo ya wazi, au kuhifadhi urithi, kisha kiasi kimoja cha jumla. Angalia idara ya utamaduni na michezo, halafu fungu la manispaa, halafu idara ya barabara na ujenzi, kwa utaratibu huo. Ukikuta fungu la namna hiyo bila maelezo ya mradi, andika swali moja tu: ni kazi zipi hasa zitakazogharimiwa, wapi, na kwa kiasi gani kila moja? Lipeleke kwa maandishi kwa karani wa bunge la kaunti na nakala kwa mwakilishi wadi wako. Mwezi wa Mei, wakati kamati ya bajeti inapokea maoni ya wananchi, swali hilo lina nguvu ambayo halitakuwa nayo mwezi wa Desemba, kwa sababu kabla ya makadirio kupitishwa fedha huhamishwa kwa kalamu, na baada ya hapo huhitaji bajeti ya ziada.

Kipo pia chombo ambacho wakazi wengi hawakijui, nacho ni jukwaa la bajeti na uchumi la kaunti lililoundwa na kifungu cha 137 cha sheria hiyo hiyo. Humo gavana na mawaziri wake hukaa na idadi sawa ya wawakilishi wasio watumishi wa umma, wanaoteuliwa na makundi ya wanataaluma, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na mashirika ya dini. Tafuta ni nani anayewakilisha kundi lako. Wasanii hawakutajwa katika orodha hiyo, na hilo ni pengo, lakini chama cha wanataaluma kinaweza kuwapa nafasi.

Omba hati, usiombe maelezo

Afisa anayeulizwa maelezo hutoa hotuba. Afisa anayeombwa hati ama huitoa ama hukataa, na kukataa kunaweza kukatiwa rufaa. Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaeleza namna ya kuitumia haki hiyo. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, halilipiwi ada isipokuwa gharama halisi ya kunakili, na jibu linapaswa kutolewa ndani ya siku 21. Kimya baada ya muda huo huhesabiwa kuwa ni kukataliwa, na mwombaji anaweza kuipelekea Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huijua kwa jina la Ombudsman, ombi la kuupitia upya uamuzi huo ndani ya siku 30. Wala huhitaji kueleza sababu za kuomba.

Barua yenyewe iwe fupi. Mfano wake ni huu:

"Kwa Katibu wa Kaunti. Mimi ni raia wa Kenya na mkazi wa wadi iliyotajwa hapo juu. Kwa mujibu wa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba nakala za hati zifuatazo kuhusu sanamu inayokusudiwa kujengwa katika bustani ya mji: tangazo la zabuni au la mashindano ya usanifu, ripoti ya kamati iliyotathmini maombi, mkataba uliotiwa saini pamoja na viambatisho vyake vya gharama, picha au mchoro wa mfano ulioidhinishwa, pamoja na jina la cheo cha aliyeuidhinisha, idhini ya mwenye barabara au mwenye ardhi, na kumbukumbu za mikutano ya kupokea maoni ya wananchi. Ikiwa hati yoyote haipo, naomba jibu linaloeleza hivyo bayana. Naomba nakala zitumwe kwa barua pepe."

Sentensi ya kabla ya mwisho ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Jibu la maandishi kwamba mfano haukuwahi kuidhinishwa na mtu yeyote ni ushahidi mzito kuliko hotuba kumi za hasira. Itie barua muhuri wa kupokelewa unapoifikisha, au itume kwa barua pepe ili tarehe ibaki.

Pigania namna ya kumpata mchongaji

Hapa ndipo sanamu nzuri na mbaya hutengana. Kaunti nyingi huinunua sanamu kama zinavyonunua mabomba, yaani mkandarasi mwenye bei ya chini hushinda, naye ndiye humtafuta fundi wa kuchonga. Mchongaji anayepatikana kwa njia hiyo analipwa kinachobaki baada ya mkandarasi kuchukua faida yake, hana mawasiliano na mwenye kazi, na hupewa wiki chache kwa kuwa siku ya sherehe imekwisha kupangwa. Kumcheka mtu huyo mitandaoni ni rahisi. Mwenye kosa mara nyingi ni aliyeandika masharti ya zabuni.

Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 ina njia nyingine ambayo haitumiwi inavyostahili, nayo ni mashindano ya usanifu. Kwa njia hiyo wasanii hualikwa kuwasilisha miundo, na jopo huichagua kwa ubora kabla ya kuingia katika gharama za utekelezaji. Katika maoni yako kwa bodi ya manispaa, dai njia hiyo kwa jina lake na usiishie kusema kwamba wasanii wa hapa wapewe nafasi, maana sentensi hiyo kila kiongozi huikubali na hakuna anayeitekeleza. Dai pia kwamba angalau wasanii wa hatua ya mwisho walipwe kwa kutengeneza mifano midogo, kwa sababu msanii asiyelipwa huleta mchoro wa haraka. Dai kwamba mifano hiyo iwekwe hadharani kwa wiki kadhaa katika maktaba, soko kuu au ukumbi wa kaunti, ikiwa na kipimo, jina la malighafi na bei. Ikiwa sanamu ni ya mtu aliyewahi kuishi, familia yake ioneshwe uso wa udongo kabla ya kumiminwa kwa shaba. Hatua hii ya udongo ni ya lazima katika ufundi wenyewe, kwa hiyo haiongezi gharama, na uso wa udongo hurekebishwa kwa mkono wakati uso wa shaba hukatwa kwa msumeno.

Jopo la uteuzi liwe na watu wanaojua kazi. Katika majopo ambayo maofisa hukaa peke yao, sanamu huchaguliwa kwa kufanana na ile iliyo katika mji wa jirani. Wasanii wakikaa peke yao, huweza kuchagua kazi ambayo wapita njia hawataielewa wala kuipenda. Binafsi naona wengi wa wajumbe wawe wachongaji, wasanifu majengo na wanahistoria, pamoja na viti vya wazi kwa wafanyabiashara na wakazi wa mtaa unaohusika, na majina yao yatangazwe kabla ya kazi kuanza. Mwanasiasa asiwe na kura humo. Atapata nafasi yake siku ya kufungua kitambaa, na jibao la chini litaandikwa jina lake kwa herufi kubwa kuliko la mchongaji kama ilivyo desturi.

Namna ya kutumia mkutano wa maoni

Kaunti hutakiwa na Katiba, katika ibara za 10, 196 na 201, kuwashirikisha wananchi. Zikibanwa, husema kwamba tangazo lilitolewa gazetini. Jibu la hoja hiyo limo katika kesi ya Robert Gakuru na wenzake dhidi ya Gavana wa Kiambu, ambamo mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa kukosa ushirikishwaji wa kutosha. Mahakama ilieleza kwamba wananchi wanapaswa kufikiwa kwa kila njia inayowezekana, zikiwamo nyumba za ibada, mabaraza na redio, na kwamba kutimiza utaratibu kwa jina tu hakutoshi. Itaje kesi hiyo kwa ufupi katika maoni yako ya maandishi. Wanasheria wa kaunti wanaifahamu vizuri.

Ukisimama kuzungumza, utakuwa na dakika mbili au tatu, kwa hiyo chagua hoja moja kati ya zile nne na uishikilie. Eleza unapoishi au unapofanyia kazi, taja ukurasa wa hati unaouzungumzia, sema unachotaka kifanyike, kisha kaa. Maneno ya jumla kuhusu ufisadi hupigiwa makofi, ila katika kumbukumbu za mkutano huandikwa kuwa "wananchi walitoa maoni mbalimbali". Ombi mahususi, kwa mfano kwamba kiasi fulani kiondolewe katika fungu fulani, au kwamba msingi usogezwe kutoka kona ya kituo cha matatu, humlazimisha karani kuliandika lilivyo. Mpe nakala ya maandishi yako kabla ya kuondoka.

Tahadhari kuhusu kuhesabu wasemaji, kwa sababu idadi yao hudanganya pande zote mbili. Mfano unaojulikana zaidi ni wa New York. Mwaka 1981 serikali ya Marekani, kupitia mpango wake wa kutenga nusu asilimia ya gharama za majengo ya serikali kwa ajili ya sanaa, iliweka katika uwanja wa majengo yake katikati ya Manhattan kazi ya mchongaji Richard Serra iliyoitwa Tilted Arc. Ilikuwa ukuta wa chuma kilichoachwa kishike kutu, wenye urefu wa takriban mita 36 na kimo cha zaidi ya mita tatu na nusu, na uligharimu dola 175,000. Wafanyakazi wa majengo hayo, ambao hawakuwa wameulizwa, walijikuta wakiuzunguka ukuta kila siku. Zaidi ya elfu moja kati yao walitia saini kutaka uondolewe. Mkutano wa kusikiliza maoni ulifanyika Machi 1985. Kati ya watu 180 waliozungumza, 122 walitaka kazi ibaki na 58 walitaka iondoke, ila jopo la watu watano liliamua kwa kura nne dhidi ya moja iondolewe. Serra alikwenda mahakamani akashindwa, na usiku wa tarehe 15 Machi 1989 ukuta ulikatwa vipande na kuchukuliwa.

Wasanii na wataalamu waliojaa ukumbini hawakuwa watu waliopita uwanjani kila asubuhi, na waliopita kila asubuhi wengi hawakuja ukumbini. Mwandalizi mwema wa mjadala hufanya kazi ya kuwafikia wa kundi la pili pale walipo, yaani wachuuzi, makondakta, wasukuma mikokoteni na walinzi, akawauliza wanapitia wapi na wanapumzika wapi. Maoni yaliyokusanywa kwa namna hiyo yakiambatanishwa na ramani ya mkono huwa ushahidi ambao kamati haiwezi kuupuuza kwa kusema ni kelele za mitandaoni.

Hoja ya dawa na barabara

Hoja hii itatolewa katika kila mkutano, na inastahili kujibiwa kwa heshima, kwa sababu katika kaunti ambako mama mjamzito hubeba glavu zake kwenda kujifungua, kuuliza sababu ya sanamu ni haki ya msingi. Hata hivyo itolewe kwa usahihi. Dawa na mishahara hulipwa kutoka matumizi ya kawaida, ilhali sanamu hulipwa kutoka fungu la maendeleo, ambalo sheria inataka lisipungue asilimia 30 ya bajeti ya kaunti katika kipindi cha kati. Ukisema sanamu imekula dawa, mtaalamu wa fedha atakujibu kwa sentensi moja na utaonekana hujui. Ukisema kwamba katika fungu hilo hilo la maendeleo kuna mtaro wa soko uliopangwa kwa miaka miwili na haujajengwa, utakuwa umelinganisha vitu vinavyolingana, na mzigo wa kujieleza utahamia kwa kaunti.

Anayeitetea sanamu naye asijifiche nyuma ya neno utalii. Makadirio ya watalii watakaovutiwa na sanamu moja ni nadra kuwa na msingi, na yakikanushwa huangusha pamoja nayo hoja bora zaidi. Aseme wazi kwamba mji unahitaji mahali pa kukumbuka, na aoneshe kwamba bei ni ya kiasi. Akihitaji mfano, mji wa Grand Rapids katika jimbo la Michigan ulipokea mwaka 1967 dola 45,000 za serikali ya Marekani kuchangia sanamu kubwa nyekundu iliyobuniwa na mchongaji Alexander Calder. Ilipingwa na wengi wakati huo, lakini baadaye umbo lake liligeuka kuwa alama rasmi ya mji, hadi kwenye magari ya kuzoa taka. Pembe za Mombasa, zilizojengwa miaka ya 1950 na wakoloni ili kupamba ziara za kifalme, leo hakuna anayeziona kuwa za malkia. Mifano hii isitumiwe kumnyamazisha anayehoji, kwa sababu kwa kila sanamu iliyopendwa baadaye zipo nyingine zilizozeeka bila kupendwa na mtu.

Bei, malighafi na matunzo

Ukipata mkataba, angalia kama bei imevunjwavunjwa. Msingi wa zege, usafirishaji, taa, uzio, jibao na sherehe ya uzinduzi viwe na mistari yake. Gharama ya sherehe mara nyingi huwekwa katika fungu la ofisi nyingine, na wakati mwingine hukaribia ile ya kazi yenyewe. Angalia malighafi iliyotajwa. Shaba nyeusi hugharimu sana lakini hukaa vizazi, saruji juu ya wavu wa chuma ni nafuu ila hupasuka maji yakiingia na chuma kikashika kutu, na fiberglasi iliyopakwa rangi ya shaba hung'aa siku ya kwanza kisha huchujuka kwa jua. Kosa kubwa si kutumia malighafi nafuu, bali kulipa bei ya shaba na kupokea fiberglasi. Mtu yeyote anaweza kulipima hilo kwa kugonga kwa kidole na kusikiliza. Uliza pia nani ataisafisha na kuitengeneza, kwa fungu lipi.

Ikiwa imekwisha kusimama

Njia zinazobaki ni chache lakini zipo. Kifungu cha 88 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa mkazi haki ya kuwasilisha malalamiko rasmi kwa kaunti, na kifungu cha 89 kinazitaka mamlaka husika kuyajibu bila kuchelewa. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kuhusu kaunti yako, ambayo Katiba inataka itolewe ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha, itaonesha kama malipo yalikuwa na nyaraka. Ukiwa na hati zinazotia shaka, unaweza kuwaandikia wakaguzi mapema, kabla hawajafunga kazi yao.

Ukidai sanamu iondolewe, kumbuka haki za mchongaji. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya inamlinda msanii dhidi ya kazi yake kukatwakatwa au kupotoshwa kwa namna inayomvunjia heshima, na Marekani yenyewe ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 1990, mwaka mmoja baada ya ukuta wa Serra kukatwa. Dai kwamba aarifiwe kwa maandishi na apewe nafasi ya kujieleza. Dai pia kujua kazi itapelekwa wapi, kwa sababu sanamu iliyonunuliwa kwa fedha za umma ni mali ya umma hata ikiwa imelazwa ghalani chini ya turubai. Inapaswa kuandikwa katika rejista ya mali ya kaunti, na kuuzwa au kuvunjwa kwake kunafuata ile ile Sheria ya mwaka 2015 iliyoongoza kununuliwa kwake. Ombi la nakala ya ukurasa huo wa rejista huandikwa kwa barua ya aina ile ile iliyotolewa hapo juu, na siku zake ni zile zile 21.